Sauti ya Bi Ulfat kwenye Deki ya Uroa

Muda wote Bi Ulfat aliolala mgonjwa kitandani Jang'ombe, aliyemgeuza, akamlisha, akamwosha, ni bintiye Abeer. Mwanawe wa kiume, Muhannad, mwenye nyumba ya wageni Uroa, hakukanyaga. Mama akimpigia simu, huita mpaka ikakatika. Alikuja siku ya maziko, akalia kuliko wote.

Basi Muhannad alipotaka kumwoza bintiye Maha, akaomba zipigwe nyimbo alizoziimba marehemu ujanani mwake kwenye kikundi cha taarab, Abeer alimjibu, "Nnakuletea."

Nyimbo alikuwa nazo. Alizitoa kwenye kanda, akaziweka kwenye kompyuta kwa aina mbili: MP3, inayosomwa na kila chombo, na FLAC, iliyo safi zaidi lakini vyombo vya zamani haviijui. Deki ya kupigia muziki ya kaka yake aliifahamu: kuukuu, yule bahili hajapata kuibadilisha. Akatia kwenye flashi nyimbo za FLAC peke yake.

Siku ya karamu, pale nyumba ya wageni ufukweni, Muhannad alisimama mbele ya jamaa. "Sasa mtamsikia mama yangu, niliyempenda kuliko nafsi yangu!"

Akachomeka flashi. Deki ikaandika kuwa haina cha kucheza. Akachomoa, akapuliza, akachomeka tena. Kimya.

Bibi mmoja aliyeimba pamoja na Bi Ulfat akasema kwa sauti, "Labda hataki kusema nawe."

Vicheko vikapasuka. Abeer, nyuma kabisa, moyo ulimburudika. Muhannad aliivurumisha flashi baharini.

Kesho yake alibisha hodi Jang'ombe. "Flashi yako mbovu, Abeer."

"Haikuwa mbovu. Deki yako ndiyo haikuweza kuzisoma nyimbo. Nlijua haitaweza."

Muhannad alimkodolea macho. "Umenifedhehesha makusudi?"

"Mama alikuita, hukuitika. Nawe umemwita, hakuitika."

Akanywea. "Nlikuwa naogopa kumwona vile."

"Hata mie nlikuwa naogopa. Nlimwosha na woga wangu."

"Ntanunua deki mpya. Nipe tena, mdogo wangu."

"Nunua hata kumi," Abeer akasema, akafunga mlango.

Kitu kimoja tu kilimsumbua: Maha alilia kwenye karamu yake mwenyewe. Jioni alimtumia nyimbo zote kwa simu, za MP3. "Hizi zako. Babako asizisikie."

"Ni babangu, shangazi," Maha akajibu.

Abeer aliyasoma maneno yale, akaizima simu.