Malimbikizo ya Mama Risiti

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali wenzake walimwita Mama Risiti, na jina hilo lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Hakutupa risiti hata moja. Akinunua dawa ya kikohozi, risiti. Akinunua daftari, anamsimamia muuza duka mpaka aandike. Wenzake walimcheka, naye alicheka nao, lakini hakuna aliyemuuliza anazipeleka wapi.

Alikuwa anamwekea mtu. Binti yake alipotimiza miaka sita, mahakama ilimwamuru baba mtoto atoe matunzo kila mwezi. Mwanamume yule alitoa miezi minne, wa tano akaingia mitini. Akahama nyumba, akahama kazi, akabadilisha namba ya simu. Kila Mama Risiti alipopata fununu na kufika mahali, jibu lilikuwa moja: "Huyo? Mbona ameondoka mwezi uliopita." Danadana hiyo ilikwenda mwaka baada ya mwaka, mtoto akikua, risiti zikijaa kwenye kopo la biskuti, kisha kwenye makopo mawili.

Sasa binti alikuwa na miaka kumi na tisa, yuko mji mwingine akijifunza ufundi umeme. Vyumba viwili vilibaki na mtu mmoja. Mama Risiti akitoka kazini, mikono ikinuka sabuni ya mashuka, alifungua mlango na kusema, "Nimerudi," kwa mazoea tu, halafu akasimama pale kidogo akiona haya, ingawa hapakuwa na mtu wa kumsikia. Redio aliiwasha na kuiacha iseme, hata ilipotaja bei za mahindi ambayo yeye hakulima wala kuuza.

Habari za mwanamume yule alizipata kwenye meza ya kupigia pasi. Mwenzake wa zamu, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, alikuwa akikunja foronya.

"Mama Risiti, mzazi mwenzako si yule mwenye kovu kidevuni, anayepiga mluzi akifanya kazi?"

"Ndiye. Kwani vipi?"

"Shemeji yangu kaajiriwa kiwanda cha magodoro. Anasema msimamizi wa ghala lao ana kovu, na mluzi wake utadhani kameza filimbi. Nikamwambia hebu niulizie jina. Shoga yangu, ni lile lile!"

Mama Risiti aliisahau pasi juu ya shuka mpaka ikatoa harufu ya kuungua.

Siku yake ya mapumziko alikwenda mahakamani na makopo yake mawili ndani ya mfuko. Karani, kijana mpole mwenye mafua, alilifukua jalada la zamani na kulipangusa vumbi.

"Mtoto ana miaka mingapi sasa, mama?"

"Kumi na tisa."

"Basi ni mtu mzima. Kuanzia sasa huwezi kumdai kitu."

Mama Risiti akaanza kuufunga mfuko wake. Karani akapenga kamasi, akasoma ukurasa mwingine, akainua kidole. "Lakini malimbikizo bado. Amri haikuwahi kufutwa. Kila mwezi ambao hakulipa mtoto akiwa mdogo, anadaiwa mpaka leo. Na ukisema anapofanya kazi, hela hizo zinaweza kukatwa kwenye mshahara wake."

Jioni hiyo alimpigia binti yake, akamweleza kwa furaha iliyomfanya arukeruke maneno. Binti alisikiliza hadi mwisho.

"Mama, mimi nimeshakua. Sina shida na hela zake."

"Siyo suala la shida, mwanangu. Ni haki yako."

"Sawa. Ila niambie kweli. Unataka hela, au unataka tu pawe na mtu wa kugombana naye?"

Alisema bila ubaya, kama mtoto anayemwuliza mama yake kama amekula. Mama Risiti alijibu kwamba salio linakwisha, akakata. Salio lilikuwepo. Alikaa kitandani ameshika tama, akilirudia swali lile.

Hata hivyo hakurudi nyuma. Aliongozana na tarishi wa mahakama hadi kwenye geti la kiwanda, amwonyeshe mtu mwenyewe. Mwanamume alitoka ghalani na nyuzi za pamba nyweleni. Kipara kilikuwa kimemla mpaka utosini. Alipomwona Mama Risiti hakukimbia. Alisaini hati ya wito juu ya goti lake, akaikunja mara nne.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilidhani ungekuja mapema."

"Nilikuja mapema. Wewe ndiye ulikuwa unaondoka mapema zaidi."

Tarishi alikohoa kuficha kicheko.

Siku ya shauri walikaa benchi moja, mkoba wa Mama Risiti katikati yao. Mwanamume alijitetea kwamba maisha yalimpiga, kwamba hata sasa anaishi chumba cha kupanga peke yake, hana mbele wala nyuma. Hakimu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, hakubishana naye. Aliomba risiti, akaanza kuzisoma moja moja, zile ambazo wino ulikuwa haujafifia.

"Sare ya shule. Dawa ya minyoo. Viatu vyeusi, namba thelathini. Kitabu cha hesabu. Miwani..."

"Miwani?" Mwanamume aliinua kichwa. "Anavaa miwani?"

"Tangu darasa la tatu," alijibu Mama Risiti.

"Macho yana nini?"

"Haoni mbali."

Hakimu aliendelea kusoma: bandeji ya mkono, ada ya mtihani, tochi, sare nyingine kubwa zaidi. Mama Risiti alikuwa amesubiri miaka kumi na miwili kumwona mtu huyu akitahayari. Sasa alikuwa anatahayari, tena machozi yanamlengalenga, na yeye hakusikia utamu wowote. Alichosikia ni uchovu, na wivu wa ajabu: vitu vyote hivyo alivibeba peke yake, na huyu alikuwa anavipata kwa dakika kumi, vimesomwa na mgeni.

Hakimu aliamuru makato kwenye mshahara kila mwezi kwa miaka minne, mpaka deni liishe.

Nje, kwenye korido, mwanamume alimfuata. "Nipe namba yake, tafadhali. Nimsikie sauti tu."

"Namba ni yake, si yangu. Nitamwuliza."

Alimwuliza kweli, siku hiyo hiyo. Binti akajibu, "Bado, mama. Labda siku moja, ila bado. Mwambie hivyo hivyo." Kisha akasema, "Na hizo hela zikija usinitumie. Wewe ndiye uliyezilipa."

Mwisho wa mwezi makato ya kwanza yaliingia. Hazikuwa hela nyingi. Mama Risiti alizunguka nazo sokoni saa nzima, akishika hiki na kuacha kile, maana kila alichozoea kununua kilikuwa cha mtoto ambaye hayupo. Akarudi mikono mitupu. Wiki iliyofuata alikwenda na hela hizo kwa daktari wa meno kung'oa jino lililomsumbua tangu zamani. Muuguzi alimpa fomu.

"Umekuja na nani, mama?"

"Nimekuja mwenyewe."

"Wa kukurudisha?"

"Nitarudi mwenyewe."

Baada ya kung'olewa aliketi kwenye benchi la nje, pamba mdomoni, shavu limekufa ganzi. Watu walipita wawili wawili. Simu ikatetemeka, alikuwa binti yake.

"Mama, wameshaling'oa jino?"

"Mm."

"Huwezi kuongea, eh? Basi wewe usiseme kitu. Mimi nitaongea." Akaanza kumsimulia juu ya ngazi aliyopanda asubuhi, mwalimu aliyeogopa urefu kuliko wanafunzi wake, waya uliounganishwa kinyume na kengele ya ofisi iliyokataa kunyamaza. Mama Risiti alibana simu sikioni, akiitika kwa pua, na mabasi mawili ya kwao yalipita mbele yake bila yeye kunyanyuka.