Futari ya Kizingitini

Mtu ana haki ya kuja kwangu akala, akalala. Lakini kunipangia nani aketi kwenye mkeka wangu? Hata kama ni shemeji, hiyo sikubali.

Ramadhani ya mwaka wa themanini na nane, Shemeji Farajalla, kaka wa marehemu mume wangu, alikuja Kitale kutoka Bungoma kufuturu nasi. Alifika alasiri akiwa ameshiba. Alikuwa ameshuka njiani, Kiminini, akanywa chai kwa chapati. "Msafiri ana ruhusa," akaniambia. Ni kweli, anayo. Sikumlaumu.

Jua likielekea kuzama, jirani yangu Jerop akaingia na kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya mgando. Jerop ni mtu wa kanisa. Lakini tangu niwe mjane, kila Ramadhani tunakula naye sinia moja, na wanangu hawajui futari isiyo na kibuyu kile.

Shemeji akamtazama kuanzia miguu yenye matope hadi kitambaa cha kichwa. "Huyu angoje mlangoni," akasema. "Futari ni ya waliofunga."

Jerop akaketi kizingitini, manyunyu yakimpiga mgongoni. Nikamfuata kwa aibu.

"Wacha tu, Mama Atiya," akaninong'oneza. "Bora nitoe njaa. Tangu asubuhi sijaweka kitu kwa mdomo."

"Unaumwa?"

"Ai! Si nyinyi mumefunga? Nitakula aje na nyinyi na mimi nimeshiba?"

Nikarudi ndani. Adhana ilipolia, Shemeji alikuwa keshanyoosha mkono. Nikaliinua sinia mbele yake, viazi, maharagwe na yote, nikalitua kizingitini. Watoto wakanifuata bila kuitwa. Tende ya kwanza nikampa Jerop.

"Shemeji! Unanidhalilisha kwa ajili ya huyu?" akafoka Farajalla.

"Umesema futari ni ya waliofunga. Basi tuache tufuturu. Wewe chai ya Kiminini bado iko tumboni."

Mimi ningemwacha ale mkeka. Ni Jerop aliyemimina mursik kikombeni, akampa Atiya. "Pelekea baba yako mkubwa. Ni mgeni, bana."

Shemeji akainywa yote. Kisha akaja na kikombe kitupu, akasimama juu yetu akitafuta pa kukaa. Kizingiti kilikuwa kimejaa.

Jerop akasogea. Mimi sikusogea.