Noti za Wiki ya Uhuru

Fundi saa hakuwa mwizi. Alijiambia hivyo wiki tatu mfululizo, na mtu anayejiambia neno hilo kila asubuhi, huyo ana lake jambo.

Alikuwa na ugonjwa wa kukusanya noti za kale, hasa za toleo la kwanza, zilizotoka nchi ilipopata uhuru na kuondolewa baada ya muda mfupi. Siku shangazi yake alipomletea moja, aliigeuza mara mbili kwenye mwanga. Haikuwa imekunjwa hata mara moja. Shangazi akasema zilikuwa kumi na mbili, za namba zinazofuatana. Marehemu mumewe, karani wa benki, alizihifadhi wiki ileile ya uhuru. Je, zingeweza kulipia upasuaji? Mtoto wa jicho alikuwa amemfunika macho yote mawili.

Fundi akakaza uso. Alisema noti ni chafu, ina madoa, zingekuwa safi bei ingekuwa nyingine. Akampa hela ya sukari na nauli ya kurudia. Alitaka tu bibi wa watu akate tamaa, amwachie zote kwa bei ya kutupa.

Noti ikaingia kwenye albamu. Kila akiifungua albamu aliona haya, tena haya ya kweli. Mwishowe akakata shauri: Jumamosi angekwenda kumwambia ukweli, na noti zote ziuzwe kwa faida yake.

Ijumaa shangazi akamtangulia. Aliingia dukani akipapasa meza, akatoa bahasha. Noti kumi na moja zilikuwa zimepauka, zimenyooka kama kola ya shati. Zilinukia sabuni.

"Nimezifua moja moja, baba, nikazipiga pasi kwa kupapasa," alisema, kidole kimoja kimeungua. "Sasa si zitafaa?"

Kwa wakusanyaji, noti iliyofuliwa imekufa. Fundi akaketi. Alimweleza yote bila kujitetea: kwamba alimdanganya, kwamba jinsi zilivyokuwa zingetibu macho yote mawili na chenji ikabaki, kwamba sasa hakuna atakayezitaka. Akamtia mkononi ile ya kwanza. Hiyo labda ingelipia jicho moja.

Shangazi akapapasa ukingo wa noti, uso ameuelekeza pasipo na mtu.

"Wanunuzi mjini ni wengi," akasema taratibu. "Nilikuletea wewe kwa kuogopa matapeli."