Matundu ya Sindano

Chumba cha chini cha yule mama fundi cherehani hakikuwahi kukosa watu. Wateja, mashoga, na wale waliofuata umbea tu, wote walishuka ngazi saba wakajibana kwenye benchi, maana palikuwa na ubaridi wa mtungini. Vumbi halikuingia. Fundi aliziba kila upenyo wa dirisha kwa vitambaa vya mabaki, akihofia magauni meupe ya maharusi. Humo humo ndimo alimomtandikia mama yake kitanda, aliyefika jana kuja kuishi naye na binti yake.

Alasiri binti huyo akarudi na picha. Shuleni waliambiwa wachore nyumba zao, watu wajue habari za radoni, gesi inayopanda kutoka ardhini kupitia nyufa. Haina rangi wala harufu. Hujikusanya kwenye vyumba vilivyofungwa, ikayala mapafu polepole, mwaka baada ya mwaka. Kikopo ambacho binti alikiacha chini ya meza ya cherehani miezi mitatu kilikuwa cha kuipimia, na majibu yalikuwa mabaya.

Fundi akaitazama picha. Cherehani, benchi, ngazi saba, mtu hakuna. Akacheka, akauliza gesi yenyewe iko wapi, au mchoraji aliishiwa rangi?

"Iinue kwenye taa, mama."

Akainua. Karatasi ikawaka vitone. Ilikuwa imetobolewa kwa sindano, matundu yasiyohesabika. Kwenye kiti chake yalisongamana yakafanya umbo la mtu aliyeinama kushona. Umbo la pili lililala pembeni, pale pale kilipo sasa kitanda cha bibi.

Fundi akaishusha karatasi. "Mwalimu ulimpa picha hii wiki iliyopita. Bibi yako kaja jana."

"Sikuchora mtu," binti akajibu. "Nilifuata ufa wa sakafu."

Kitandani bibi akajigeuza, akasema wasimsumbue, chumba kitamu hiki, hata upepo hausikiki.

"Ndiyo maana unahama, mama," fundi akamjibu.

Fundi akachukua mkasi wake wa kazi, akavichokoa vile vitambaa vya dirishani kimoja kimoja. Upepo ukaingia na vumbi lake, likatua juu ya magauni. Hakugeuka kuyatazama. Bibi akapanda ngazi akinung'unika kwamba huku chini alishaanza kuzijua habari za mtaa, na benchi lipandishwe pamoja naye.

Wakasogeza kitanda, wakakunja mkeka. Ufa ulikuwepo, mwembamba kama uzi. Fundi akauwekea kiganja, akangoja. Hakusikia baridi wala joto, wala pumzi.

Akaunyanyua mkono haraka, akaenda kulibeba benchi.