Maji ya Baraka Ndani ya Katodi

Mama yangu huwaambia wateja wa saluni yake kwamba mtoto wake "anatumikaka mu courant," yaani anafanya kazi ya umeme. Kwa ajili ya sentensi hiyo moja, kwa miaka mitano majirani zetu wa Ibanda wameniletea pasi zisizopata moto, redio zilizonyamaza, na siku moja friji iliyobebwa na wanaume wanne. Nikisema sitengenezi pasi, wananitazama kwa huruma, kama mtu aliyesoma mpaka akapitiliza.

Basi nieleze mara moja, nisirudie. Umewahi kumwona fundi wa kuchomelea vyuma. Ule mwanga unaoumiza macho ni umeme unaopita katika gesi iliyopata moto kupita kiasi, nayo tunaiita plazma. Kwake, moto hukaa kwenye ncha ya chuma na kuila. Mimi moto wangu naufichia ndani ya kijibomba kinacholingana na kalamu ya bic. Gesi ya argoni hupita humo, kijibomba hupata moto kutokea ndani kama pasi ya makaa, kisha mwale wa zambarau hutokea mdomoni. Kijibomba ndicho katodi. Sijui kwa nini hili liwe gumu kuliko bei ya mawigi.

Katodi yangu ni ya tantali. Tantali hutolewa katika koltani, na koltani hutoka katika milima yetu. Iliondoka huku ikiwa udongo, haikuaga mtu, ikarudi kwa posta ikiwa na urefu wa kidole. Nilikuwa nayo moja tu. Tena ni chuma chenye maringo: ikipata moto mkali mahali penye maji au hewa, hukatika kama biskuti.

Alhamisi saa nne asubuhi, majaji wa doctorat yangu, shahada ya uzamivu, walitakiwa kuuona ule mwale ukiwa umetulia kwa dakika tano. Usipotulia, basi. Profesa Jean-Baptiste, anayenisimamia, alikuwa anastaafu mwisho wa mwezi, na hapa Bukavu hapakuwa na mwingine wa kuniongoza katika kazi hiyo. Miaka yangu mitano ingebaki chuma cha kuweka maua.

Jumanne niliweka katodi ndani ya tanki letu la chuma lenye dirisha la kioo, nikaliacha wazi, nikaenda kupeleka nakala za kitabu changu cha doctorat kwa katibu. Jumatano asubuhi nikarudi, nikalifunga bila kuchungulia ndani, nikawasha pampu ya kunyonya hewa. Siku zote sindano ya presha huteremka hadi chini kwa saa mbili. Siku hiyo iliteremka nusu, ikasimama, ikanitazama.

"Fuite," nikasema. Panavuja.

Nikamgeukia Papa Bienfait, fundi wa maabara, mtu wa miaka hamsini na minane na masharubu anayoyachana kila asubuhi. Nilimwambia afungue mipira yote ya kuziba, aisafishe, airudishe. Alifanya hivyo. Sindano haikusogea. Nikamwambia arudie.

"Assistante," akasema, akilinyooshea kidole daftari la maabara, "mu cahier iko—"

"Papa Bienfait, cahier inaweza ziba fuite?"

Akarudi kwenye mipira yake. Nakiri kwamba nikikasirika masikio yangu hufunga duka. Profesa Jean-Baptiste ana sheria moja tu katika maabara yake: anayegusa mashine anaandika katika daftari, awe waziri au mfagiaji. Sheria hiyo nimewahubiria wanafunzi mpaka sauti ikakauka. Asubuhi hiyo daftari lilikuwa mezani, hatua mbili kutoka kwangu, na sikulifungua.

Saa sita hivi nikawasha umeme kidogo sana, usioweza kuiunguza katodi, nione rangi tu. Badala ya zambarau ya argoni, nikaona waridi. Waridi kabisa, kama rangi ya kucha. Nikachukua spektroskopu yangu niliyoiunda kwa kipande cha CD, inayoigawa nuru katika rangi zake, nikatazama. Mstari mwekundu wa hidrojeni ulikuwa umejaa tele. Nitrojeni haikuwepo hata kidogo. Kama hewa ingekuwa inavuja, nitrojeni ingekuwa ya kwanza kuingia. Kwa hiyo hapakuwa na fuite, na Papa Bienfait alikuwa amefungua mipira kumi na miwili mara mbili bure.

"Ni maji," nikasema. "Maji imetoka wapi?"

Papa Bienfait akaisogelea meza. Alilifungua daftari, akaliweka mbele yangu kwa adabu iliyoniuma kuliko tusi. Palikuwa pameandikwa, kwa mwandiko mzuri wa seminari: *Mardi, 15h10. Bénédiction de la machine. Opérateur: Abbé Gentil. Eau: beaucoup.* Yaani padri alikuwa ameibariki mashine Jumanne saa tisa, kwa maji mengi.

"Mama yako njo alimuleta," akasema. "Nilibaambia: muandike. Banaandika."

Nilishuka hadi saluni kwa miguu, na naamini moshi ulikuwa unanitoka masikioni. Mama alikuwa anamfunga mteja bigudi za kukunjia nywele.

"Mama, ile maji yote mulimwanga mu mashini yangu ya nini?"

"Si mimi, ni Abbé," akasema bila kugeuka. "Mimi nilimwambia tu aongeze, juu niliona mashini yako iko kubwa."

"Aongeze!"

"Virginie, ata moulin ya kusagia bunga ya Mama Ornella ilibarikiwa. Yako itabakia mupagani? Kesho baprofesa banakuya kukuuliza maulizo, na mimi sijui fizike. Nifanye nini? Nikae tu?"

Nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele, kelele zikakosa pa kutokea. Nikakaa chini ya casque ya kukaushia nywele, nikalia kama mtoto wa chekechea. Nikamweleza: maji yameshika kuta za tanki, pampu peke yake itayatoa kwa siku tatu, na mimi nina siku moja. Nikiwasha hivyo hivyo, katodi itavunjika, na nyingine sina.

Mama akasimamisha mikono. "Ile maji, nini inaitoshaka haraka?"

"Moto. Lakini ya polepole. Degré sabini, pande zote, masaa mingi."

Akalitazama lile casque juu ya kichwa changu.

"Basi hiyo ni kichwa," akasema. "Bichwa mimi najua."

Saa nane na nusu pikipiki tatu zikapanda hadi maabara, kila moja na casque yake. Mteja naye alifuata, bigudi kichwani, kwa sababu hakuwa amekauka. Mama akazunguka tanki, akaligusa hapa na pale kwa mgongo wa mkono, akapanga casque mbili juu na moja ubavuni. Kila robo saa alizisogeza. "Hapa nyuma bado baridi," alisema, na kipimajoto kilikubaliana naye kila mara. Pampu ikanguruma, sindano ikaanza kushuka. Saa moja jioni ilikuwa chini kabisa, na mteja alikuwa amekauka.

Mama akaandika katika daftari, maana Papa Bienfait alimsimamia hapo hapo na bic. Akashuka na casque zake.

Tulipobaki wawili, Papa Bienfait akainama kwangu. "Ile page ya Abbé, tuipasue? Mama Profesa Françoise hachekake."

Profesa Françoise Nabintu, mkuu wa majaji, alijulikana hadi kituo cha utafiti cha Lwiro kwa kuwarudisha watu nyumbani na vitabu vyao. Niliushika ukurasa kwa vidole viwili. Naapa niliushika. Nikafikiria wanafunzi niliowahubiria, nikauachia.

Alhamisi saa nne majaji walikaa. Mama alikuwa nyuma kabisa, katika vazi lake la Pasaka. Niliwasha. Nuru ikayumba, kisha kijibomba kikaanza kung'aa mpaka kikawa cheupe, na mwale wa zambarau ukatoka mdomoni ukasimama wima. Dakika moja. Tatu. Tano. Nilizima.

Profesa Françoise hakupiga makofi. Aliinua karatasi ya vipimo.

"Jumatano asubuhi presha yako ni mbaya mara mia kuliko leo. Jioni imepona. Umebadilisha nini ambacho hukutuonyesha?"

Nikalichukua daftari kutoka mezani. Nikampa. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, hadi *Eau: beaucoup*. Akafungua ukurasa wa pili: *Mercredi, 14h30–19h. Étuvage, trois casques. Opérateur: Mama Virginie, coiffeuse.* Yaani kukausha kwa joto kwa casque tatu, fundi akiwa mama yangu, msusi.

"'Beaucoup' si kipimo," akasema. "Ilikuwa maji kiasi gani?"

Nyuma kabisa Mama akasimama.

"Nusu chupa, Mama Profesa. Mimi njo nilimwambia aongeze."

Profesa Françoise akachukua kalamu, akafuta *beaucoup*, akaandika *demi-bouteille*. "Sasa ni kipimo," akasema. "Wengi huniletea mashine ambazo hazijawahi kukosea hata siku moja. Huwa siziamini." Akatia sahihi yake, na wenzake wakatia zao. Nilikuwa docteur.

Watu walipokuwa wakitoka, Mama akaomba aone yeye mwenyewe, maana nyuma alikuwa ameona migongo ya majaji tu. Nikampa kioo cheusi cha fundi wa kuchomelea, nikawasha tena. Mama yangu, mwanamke anayeongea hata akipiga mswaki, alitazama dakika nzima bila neno. Kisha akamwomba Papa Bienfait bic.

Sikusoma alichoandika mpaka wote walipoondoka. *Jeudi, 11h20. Mama Virginie. Sikugusa kitu. Niliona tu moto ya mutoto yangu.* Nililia tena, mara ya pili ndani ya siku mbili, na sioni haya kulisema.