Changarawe Juu ya Paa

Mwanahija alikuwa amefika umri wa kuitwa bibi bila kupanda baiskeli, wala hakuona amepungukiwa nini. Kwao Unguja baiskeli ilikuwa ya kaka zake. Guangzhou, huko Uchina, alikohamia na mumewe kusafirisha mizigo ya watu, kulikuwa na pikipiki za umeme zinazokuja bila mlio na kukupangusa bega kabla hujageuka. Barabara ni ya wenye haraka zao, alizoea kusema, na haraka zake yeye zilikuwa dukani.

Aliyemtia kwenye mambo haya ni huyo mumewe, Abdulsamad. Macho yake yalikuwa yanafunga. Presha ya macho, daktari alisema, imeshakula pembeni na sasa inaelekea kati. Ukisimama mbele yake anakuona vizuri. Ukisogea kando kidogo umepotea, kama anachungulia dunia kwa bomba. Dawa za matone zingechelewesha, lakini kilichokwenda hakirudi. Abdulsamad alisikiliza yote hayo kwa adabu, akamshukuru daktari, na walipotoka nje akasema anataka kwenda Ufaransa kuendesha baiskeli.

Hakuwa amerukwa na akili. Binti yao Lulu anaishi huko, na kila Jumapili huwatumia picha za njia anazopita mashambani. Reli za zamani zimeng'olewa, pakamwagwa changarawe, na sasa wanaopita ni waendao kwa miguu na wenye baiskeli tu. Gari haliruhusiwi. Upande huu ng'ombe weupe, upande ule mfereji wa maji. Kijiji kimoja kina kanisa na duka la mikate, kinachofuata kina kanisa tu. Abdulsamad, ambaye ujanani alikuwa akitoka Makunduchi hadi mjini kwa baiskeli na kurudi siku hiyo hiyo, alizitazama picha zile kama aliyekatazwa chumvi anavyotazama sahani ya mwenzake. Sasa alitaka apande na mwanawe kabla giza halijaingia. Kiangazi hiki hiki, maana cha mwakani nani amdhamini?

Lakini anayeona kwa bomba hashiki usukani. Lulu alilia kwenye simu, kisha akajikaza, akasema basi watatembea kwa miguu. Abdulsamad akajibu kwamba kwa miguu anaweza kwenda mtaa wa Dengfeng kununua vocha. Akanyamaza siku nzima, na kunyamaza kwa mwanamume yule ni jambo zito, kwa maana hata usingizini huwa anaongea.

Dawa ikapatikana Pazhou, kwenye kumbi za maonyesho ya biashara. Kila mfanyabiashara wa Guangzhou anajua kuwa siku ya mwisho wenye viwanda hawataki kubeba sampuli zao kurudi nazo, huziuza kwa bei ya kutupa, na watu wazima wenye heshima zao hupigana vikumbo humo ndani bila haya. Mwanahija alikwenda kumtafutia mteja wa Dar masufuria. Akakutana na baiskeli ya watu wawili: viti viwili, pedali jozi mbili, na usukani unaogeuka mmoja tu, wa mbele. Muuzaji alipotaja bei, Mwanahija alisema “tai gui le”, ghali mno, kwa mazoea tu, huku mkono wake umeshaikamata baiskeli. Masufuria akayasahau kabisa.

Alipokuwa njiani kurudi ndipo akili ilipomkalia sawa. Anayeona ndiye akae mbele. Na anayeona hajui baiskeli.

Mwingine angeirudisha. Lakini Mwanahija alikuwa na kanuni moja iliyomlisha miaka yote: usichukue kontena hujaona sampuli. Akampigia Lulu simu, akamtaka amtumie sampuli ya barabara. Lulu alidhani mama anatania. Alipoona hataniwi, akachota changarawe kiasi cha ngumi, akaitia mfukoni, akaituma. Mwanahija akazunguka nayo kwa wauza mawe ya bustani, akiilinganisha kiganjani kama mchele, na kila aliyemwonyesha isiyofanana alimkatalia, mpaka laoban mmoja, tajiri mwenye duka la mwisho kabisa, akamtolea pacha wake. Mifuko ikapandishwa kwa lifti ya mizigo hadi juu ya paa la godauni lao, paa la zege, bapa, lenye ukuta wa kifuani pande zote. Huko hapakuwa na pikipiki. Palikuwa na makasha ya mboga ya mama mwenye jengo tu, na katikati ya makasha hayo Mwanahija akamwaga Ufaransa yake.

Ufaransa ikawakataa. Gurudumu lilizama, usukani ukakimbilia unakotaka, nao wakaenda chini pamoja. Asubuhi iliyofuata wakaangukia kwenye kabichi, na mama mwenye jengo akawasemesha maneno ambayo heri hawakuyaelewa yote. Abdulsamad, kama watu wote wasioshika usukani, alikuwa fundi mkubwa wa maelekezo. Usitazame gurudumu. Tazama mbali. Kaza pedali, uoga ndio unaoangusha.

“Tazama wewe basi,” Mwanahija akamjibu kwa hasira, akiwa bado amekaa chini kwenye mawe.

Akasikia alichosema. Akatamani akirudishe mdomoni. Lakini Abdulsamad alishaanza kucheka, akacheka mpaka akashika mbavu, na Mwanahija akampenda saa ile kuliko siku aliyoolewa.

Lulu alipotumiwa video naye alicheka vibaya sana. Mama, akasema, huku wanaishindilia kwa mashine mpaka inakuwa ngumu kama sakafu. Nyinyi mmeimwaga kama ya kuuza. Sampuli ilikuwa sahihi, bidhaa siyo. Wakiweza kupita hapo, Ufaransa watapita huku wanasinzia. Mwanahija alipoambiwa akodi mashine aishindilie, akakataa. Alishaizoea kwa ugumu wake na hakutaka kudekezwa.

Na kweli, asubuhi moja baiskeli ilitii. Wakazunguka paa, wakazunguka tena, changarawe ikichekecheka chini yao, na Mwanahija akahisi furaha ambayo kaka zake walimficha miaka yote ile. Akaanza kumsimulia mumewe. Tazama kulia, mto unang'aa. Tazama kule, mama wa watu anatuangalia na ndoo yake mkononi. Nyuma akasikia pedali tu.

“Unaona?” akauliza.

“Naona mgongo wako,” Abdulsamad akasema.

Mwanahija akakamata breki. Hilo hakuwa amelifikiria. Kwa yale macho ya bomba, mtu aliyekaa nyuma yake haoni ng'ombe wala mfereji. Bomba lote linajaa mgongo wa mkewe. Angempeleka mume wake mpaka mwisho wa dunia kuona, na asione kitu. Akashuka, akakaa juu ya mfuko wa mawe uliobaki, akalia kwa uchungu. Akasema baiskeli iuzwe. Akasema watakodi gari, Abdulsamad akae mbele, waende polepole, ageuze shingo anavyotaka.

Abdulsamad alimwacha amalize. Akapapasa mpaka akaupata ule mfuko, akakaa naye.

“Mama Lulu, hilo nililijua siku ulipoileta baiskeli. Ng'ombe wa Wafaransa nimeshawaona kwenye picha, wananitosha. Nataka nimsikie mwanangu anapiga kengele ubavuni mwangu, na kilichobaki cha macho yangu nikutazamie wewe.” Akasita kidogo. “Ila huo mtandio mweusi unanipotea, hasa penye kivuli. Ungevaa wa njano ningekuona vizuri zaidi.”

Mwanahija akampangusa vumbi la mawe mabegani, ingawa halikuwapo la kupangusa, wakapanda tena.

Kesho yake alikwenda Shisanhang, kwenye nguo za jumla, ambako hawamuuzii mtu kipande kimoja. Akachagua mitandio ya njano, dazeni nzima, akiinyanyua mmoja mmoja kwenye mwanga na kuitupa iliyopauka. Mwenye duka alimuuliza anaipeleka nchi gani, na kama rangi moja tu itauzika huko.

Mwanahija akamwambia mteja wake ni mmoja.