Nani Aliigusa Arobaini na Moja?

Mtu aliyetoka kuuguza hospitali anataka mambo mawili tu: maji ya kuoga na kitanda. Mama Sahani hakupata hata moja. Alipitiliza kazini, mkoba wa hospitali ungali begani, na alipoingia tu kwenye korido ya maabara macho yake yakatua juu ya toroli la taka. Kijisanduku cha namba arobaini na moja kilikuwa pale, kikisubiri kupelekwa kupikwa kwenye jiko la mvuke, zinakoishia taka zote za maabara.

"Nani kakiweka hiki hapa?"

Mfagizi, ambaye hakuna habari ya jengo lile isiyompitia, alishusha sauti. "Kumbe hujaambiwa? Yako imefeli, mama. Profesa kasema nafasi yake kwenye friji ipewe namba saba."

Kuambiwa! Siku tatu amekaa kwenye kiti cha plastiki kando ya mama mkwe wake, simu ipo mkononi, na hakuna aliyepiga.

Walimwita Mama Sahani kwa sababu ya zile sahani za plastiki zenye visima tisini na sita, kila kisima kidogo kuliko kifungo cha koti, alizozijaza kwa mkono miaka kumi na moja. Arobaini na moja ilikuwa protini ambayo hakuna kiumbe aliyewahi kuzaliwa nayo. Kompyuta ilichora maumbo hamsini, kila moja likikusudiwa kuikumbatia sumu ya nyoka isiende kushika misuli ya mtu. Kwenye kioo cha kompyuta protini zote zilikuwa hodari. Kazi ya kuwapa bakteria wazitengeneze, kuzisafisha na kuzipima ilikuwa yake. Nyingine zilijikunja ovyo zikaganda kama yai la kuchemsha. Nyingine zilinatia popote, mpaka kwenye plastiki. Arobaini na moja ilishika sumu, sumu tu, na haikuachia. Mara nne aliviona visima vikigeuka buluu, ishara kwamba imeshika.

Akakipora kijisanduku. Vichupa vyote vya protini iliyogandishwa vilikuwa vimeyeyuka isipokuwa vitatu. Akavizamisha hivyo kwenye barafu, kisha akaliendea daftari la vipimo.

Mwandiko aliujua. Ulikuwa wa mdogo wa mume wake, fundi wa kompyuta mle mle maabara, anayelala chumba cha wageni nyumbani kwake na kumaliza sabuni bila kununua nyingine. Ndiye aliyemwambia, "Nenda kamuuguze mama, shemeji, kipimo niachie mimi." Na alikuwa ameandika: *Kuziba visima: kama kawaida. Rangi: hakuna. Imefeli.*

Kama kawaida? Kawaida ni albumini ya ng'ombe, unga unaoziba sehemu tupu za kisima ili kitakachofuata kisinatie kwenye plastiki. Na chupa iliyokuwa wazi aliimaliza yeye mwenyewe kabla ya kuondoka. Chupa mpya ilikuwa kwenye friji, kizibo hakijafunguliwa.

Alisukuma mlango wa chumba cha kompyuta kwa bega.

"Shemeji! Karibu. Mama anaendeleaje?"

"Mama yako ataishi. Wewe ndiye sina hakika. Ulizibia nini?"

Kijana alicheka kidogo. Akaona anacheka peke yake. "Albumini ilikuwa imekwisha, shemeji. Nikachukua maziwa ya unga. Yale ya kabati la chai. Watu wanayatumia, nimesoma. Protini ni protini."

"Na mke ni mke, si ndiyo? Utaoa yeyote anayepita mlangoni!"

Maziwa hutumika kweli, kwa vipimo vingine. Lakini arobaini na moja ilikuwa imepachikwa bayotini, vitamini ndogo, kama bendera, na kile kinacholeta rangi huitafuta bendera hiyo kikaishika. Maziwa nayo yana bayotini yake. Ukikikoroga kileta-rangi humo, kinashiba kabla hakijafika kisimani.

"Umemshibisha mgeni njiani," alifoka, "halafu unatangaza mwenyeji hakupika!"

Kelele zilimleta Profesa. "Mama Sahani, taratibu. Namba saba imeshapangiwa nafasi hiyo."

"Nipe saa nne. Zikipita sina rangi, nitalisukuma mwenyewe toroli."

Alizibia nusu ya sahani kwa maziwa, nusu kwa albumini, kisha akaitia arobaini na moja pande zote mbili. Hakuketi. Kila saa iliyopita hasira ilizidi badala ya kupungua, maana mikono yake ilikuwa bado inanuka dawa ya wodini. Alipotia rangi, Profesa, shemeji na mfagizi walikuwa wameinama juu ya sahani. Upande wa maziwa ulibaki maji matupu. Upande wa pili buluu ilianza kwa kuibia, kisha ikakolea kisima baada ya kisima.

"Mungu wangu," mfagizi akasema. "Na ilikuwa inaenda jikoni!"

Profesa alipiga makofi. "Safi sana! Arobaini na moja inarudi mahali pake. Huo ukurasa tuuchane, yaishe. Ni mambo ya shemeji na shemeji."

"Ningekosea mimi, ungeuchana?"

Profesa akauondoa mkono wake juu ya daftari.

Mama Sahani alilibwaga daftari mbele ya kijana. "Andika ulichotumia."

"Nifute hapa kwenye 'kama kawaida'?"

"Usifute! Piga mstari mmoja, isomeke. Na sababu uiandike."

Kijana akapiga mstari mmoja. Kisha akaandika: *Maziwa ya chai. Sikutaka kuuliza.*

"Saini."

Akatia saini. Mama Sahani akauvua mkoba wa hospitali na kumtupia kifuani.

"Zamu ya mama yako ni yako kuanzia sasa. Usipojua dozi, muulize muuguzi. Asipokuwepo, mfuate popote alipo, umuulize!"